Mjapani aliyegeuzwa Mburma kwa kadi ya maandishi

Kwa wiki tatu nimekwama kwenye jina moja.

Kazi yangu ni kuandika manukuu, yale maneno yanayopita chini ya skrini mhusika anapozungumza. Ina masharti yake: mstari usizidi herufi 42, mistari isizidi miwili, na mtazamaji aachiwe nafasi ya kuutazama uso wa anayesema, maana uso nao unasema. Nimeifanya miaka 11. Nimehangaika na methali, na matusi, na mizaha isiyokubali kuvuka kutoka lugha moja kwenda nyingine, lakini jina la mtu halijawahi kunisumbua. Jina unaliandika kama lilivyo, unasonga mbele.

Safari hii kikundi kidogo cha wapenzi wa sinema za zamani kimeniomba niwatilie Kiswahili filamu chache za Hollywood zilizotengenezwa kabla sinema haijaanza kusema. Filamu bubu hazina manukuu. Zina kadi: picha inakatika, maandishi yanajaa skrini nzima, unasoma, kisha picha inarudi. Ya kwanza kwenye orodha yao ni The Cheat, aliyoiongoza Cecil B. DeMille mwaka 1915.

Kisa chenyewe ni hiki. Mke wa tajiri, Mzungu, ndiye mweka hazina wa mfuko wa Msalaba Mwekundu. Anazichukua dola 10,000 za mfuko na kuzitia kwenye hisa, zinapotea. Anamwendea mfanyabiashara tajiri wa kutoka Asia, naye anamkopesha kwa sharti ambalo halihitaji kufafanuliwa. Mume anapopata fedha, mke anazipeleka kulipa deni. Yule bwana anazikataa. Anamshika, anachukua chuma cha moto anachopigia chapa mali zake, na kumchoma nacho begani. Mke anampiga risasi. Mume anajitwisha kosa. Mahakamani mke anafunua bega, na umati mzima unamrukia yule Mwasia kutaka kumuua.

Mwasia huyo ni Sessue Hayakawa, mzaliwa wa Japani. Na hapo ndipo nilipokwama. Filamu ilipotoka mwaka 1915, mhusika wake aliitwa Hishuru Tori, Mjapani. Wajapani wa Los Angeles walilalamika, gazeti lao la Rafu Shimpo likiwa mbele. Mwaka 1918 filamu ikatolewa tena. Wakati huo Japani ilikuwa mshirika wa Marekani vitani, na haikufaa tena kumwonyesha Mjapani akimpiga chapa mke wa mtu kama ng'ombe. Basi mhusika akapewa jina jipya, Haka Arakau, na akawa Mburma, mfalme wa pembe za ndovu.

Hawakupiga picha hata moja upya. Walibadilisha kadi.

Nimeitazama nyumba yake fremu kwa fremu. Milango ni ya karatasi, ile ya Kijapani. Baada ya risasi kivuli chake kinaonekana nyuma ya karatasi na damu inapenya. Mavazi anayovaa nyumbani ni ya Kijapani. Mwili ni wa mtu aliyekulia Japani na mkao wake ni wa huko. Halafu kadi inakuja na kukwambia huyu ni Mburma, na umati wa watazamaji wa 1918 ukakubali. Nakala zilizotufikia ni za mwaka huo wa 1918, kwa hiyo mtu akiiona leo, kadi ya uongo ndiyo anayoisoma.

Kama mfasiri, niliumia mahali pasipo na jina. Ninaishi kwa kuamini kwamba maandishi yanaifuata picha. Hapa maandishi yameibeba picha na kwenda kuitupa nchi nyingine. Kwa aliyeandika kadi, Japani na Burma ni chumba kimoja chenye milango miwili.

Kinachoshangaza ni kwamba Hayakawa alitoka kwenye filamu hiyo akiwa nyota. Katika enzi ambayo waigizaji walikuwa wakirusha mikono na kukodoa macho, yeye alitulia. Anasimama. Anageuza shingo kidogo. Wanawake wa Kizungu walijaa kumbini kumtazama. Mwaka 1918 alianzisha kampuni yake mwenyewe, Haworth Pictures, na mwaka uliofuata ikatoka The Dragon Painter: hadithi ya mchoraji wa milimani anayechora kwa sababu ya uchungu wa kumtafuta mpenzi anayeamini amegeuzwa joka, kisha anampata mwanamke, anafurahi, na kipaji kinamkauka. Mwanamke huyo anaigizwa na Tsuru Aoki, mkewe Hayakawa katika maisha halisi. Wajapani wawili, mume na mke, wanapendana mbele ya kamera, ndani ya Marekani, mwaka 1919, kwa fedha za kampuni yao. Nataka sentensi hiyo isomwe polepole, kwa sababu nimechoka kusikia kwamba Hollywood ya mwanzo ilikuwa ya wanaume wa Kizungu watupu na kwamba wengine walibisha hodi baadaye, wakafunguliwa kidogo kidogo.

Walikuwa ndani tangu alfajiri. Mwaka 1914, katika mojawapo ya filamu ndefu za kwanza kabisa kupigwa Hollywood, The Squaw Man, mwanamke mkuu ni Lillian St. Cyr, aliyejulikana kama Red Wing, mwenyeji asilia wa taifa la Ho-Chunk. Mwaka 1916 huko Omaha, Nebraska, ndugu wawili Weusi, Noble na George Johnson, walianzisha kampuni ya Lincoln Motion Picture. Mwaka huohuo mwanamke, Lois Weber, alikuwa miongoni mwa waongozaji wakubwa wa studio ya Universal, akitengeneza filamu kuhusu umaskini na uzazi. Na mwaka huohuo, Oakland, California, binti wa Kichina aitwaye Marion Wong aliandika, akaongoza na kuigiza filamu iitwayo The Curse of Quon Gwon, na wifi yake Violet akiwa mhusika mkuu.

Filamu ya Marion Wong nayo imo kwenye orodha yangu. Haikupata msambazaji. Ilikaa ndani ya familia miongo na miongo, na vipande vilivyopona havina kadi hata moja. Niliifungua nikiwa na daftari, nikakaa mbele ya skrini nisiwe na la kufanya. Bi harusi anavishwa. Kuna sanduku, kuna kioo, kuna sura za huzuni ambazo sababu yake sijui. Ni filamu pekee iliyonifanya mimi nisihitajike, na sijawahi kutazama nyuso kwa makini kiasi hicho.

Huo upotevu unaniuma. Maktaba ya Bunge la Marekani ilitoa utafiti mwaka 2013: kati ya filamu bubu ndefu karibu 11,000 zilizotolewa na studio za nchi hiyo, asilimia 14 tu zimebaki katika umbo lake la awali. Studio kubwa zenyewe zilipoteza nyingi kwa moto, kwa kuoza, kwa kutupa. Sasa piga hesabu ya kampuni ya ndugu wawili wa Omaha. Filamu yao ya kwanza, The Realization of a Negro's Ambition, imepotea. Kazi nyingine za kampuni hiyo tunazijua kwa vipande.

Oscar Micheaux, mwongozaji Mweusi wa enzi hiyo, alipona kidogo. Alizaliwa Metropolis, Illinois, mwaka 1884, akalima South Dakota, akaandika riwaya, na mwaka 1919 akaigeuza mojawapo kuwa filamu kwa mikono yake. Filamu hiyo haipo. Ya pili, Within Our Gates ya mwaka 1920, ipo kwa bahati ambayo bado siiamini. Nakala moja ilikutwa Hispania miaka ya 1970 ikiwa na jina La Negra. Kadi zake karibu zote zilikuwa za Kihispania. Maktaba ya Bunge ilipoirejesha, mwaka 1993, kadi hizo zilitafsiriwa kurudi kwenye Kiingereza.

Fikiria safari hiyo. Mtu Mweusi anaandika Kiingereza chake Marekani, mtu wa Hispania anakifanya Kihispania, filamu inalala miaka 50, mtu mwingine anakirudisha kwenye Kiingereza, na sasa mimi nakifanya Kiswahili. Maneno ya Micheaux mwenyewe yako mbali kiasi gani na yangu? Ninapoandika kila mstari huhisi namsikia mtu kupitia kuta tatu.

Lakini picha zake hazikupita kwenye ukuta wowote. Filamu inasimulia habari za Sylvia, mwalimu anayekwenda Boston kutafuta fedha za shule ya watoto Weusi wa Kusini. Karibu na mwisho tunarudishwa nyuma. Baba aliyemlea Sylvia, mkulima, anasingiziwa kumuua mwenye shamba. Gazeti linachapa uongo, na Micheaux anauigiza uongo huo tuuone kwa macho. Kisha anatuonyesha kilichotokea kweli. Kuna mtumishi mmoja, Efrem, Mweusi anayejisifu kwamba Wazungu wanampenda, aliyekimbia kupeleka umbea. Kundi lililokuja kunyonga linapokosa wa kumnyonga linamnyonga yeye. Gazeti linaandika kwamba amekufa kwa ajali, mikononi mwa watu wasiojulikana. Baba na mama wa Sylvia nao wananyongwa.

Yaani mwaka 1920 Micheaux alikwisha elewa jambo lililonichukua mimi wiki tatu: maandishi yanaweza kusema hili na picha ikasema lile, na yuko mtu anayenufaika na pengo hilo. Alilijua kwa sababu miaka mitano kabla, mwaka uleule wa The Cheat, The Birth of a Nation ya D. W. Griffith ilikuwa imeonyeshwa hadi Ikulu ya Marekani. Ndani yake Mweusi mwenye tamaa anaigizwa na Mzungu aliyejipaka rangi nyeusi, na wanaomwinda kwa majoho meupe ndio mashujaa. NAACP, chama cha kutetea haki za Weusi, waliandamana mji baada ya mji. Mwaka huohuo Ku Klux Klan, kundi la Wazungu wabaguzi wenye majoho hayo, ikaundwa upya huko Georgia. Micheaux alipopeleka filamu yake Chicago, wakaguzi walisita kwa hofu kwamba ingeleta ghasia, kwani mji ulikuwa umetoka kwenye umwagaji damu wa 1919 kati ya Weupe na Weusi. Walioona hatari walikuwa wengi, ila si wote waliiona upande mmoja.

Nimekaa hapo sana, niruhusu nipite haraka kwenye sauti. Tarehe 6 Oktoba 1927 The Jazz Singer ilionyeshwa kwa mara ya kwanza, na sinema ikaanza kuimba. Anayeimba ni Al Jolson, na kilele cha filamu anakiimba akiwa amejipaka rangi nyeusi. Kwa wazalishaji Weusi wadogo, vyombo vya sauti vilikuwa ghali mno. Kwa wenye lafudhi za kigeni, mlango ulijibana. Kadi ilikuwa inamstahi mtu: Hayakawa angeweza kusema chochote na kila nchi ikakisoma kwa lugha yake.

Anna May Wong, mwigizaji Mmarekani wa asili ya Kichina, hakuwa na lafudhi ya kigeni. Alizaliwa Los Angeles mwaka 1905, wazazi wakiendesha duka la dobi. Akiwa na miaka 17 alikuwa nyota wa The Toll of the Sea, filamu ya rangi ya mwaka 1922, kuhusu msichana wa Kichina anayeachwa na Mmarekani, anamkabidhi mke Mzungu mtoto wake, kisha anajitosa baharini. Mwisho wa filamu ulipotea. Wahifadhi wa chuo kikuu cha UCLA walipoikarabati mwaka 1985, walichukua kamera halisi ya zamani ya Technicolor, wakaenda ufukweni na kupiga picha ya bahari. Kwa hiyo leo filamu inaishia kwa mawimbi bila yeye. Nililia, sitaki kuficha. Sikulia kwa sababu ya msichana wa hadithi. Nililia kwa sababu Wong aliigiza kifo mara nyingi sana katika kazi yake, na hapa hata kifo chenyewe hakikubaki.

Halafu ikaja Kanuni ya Uzalishaji, masharti ya Hollywood kuhusu kinachoruhusiwa kuonyeshwa, iliyoandikwa 1930 na kuanza kusimamiwa kwa ukali mwaka 1934 chini ya Joseph Breen. Ilikataza kuonyesha mapenzi kati ya Weupe na Weusi, na studio zikaitafsiri kwa upana. Studio ya MGM ilipotengeneza The Good Earth, hadithi ya wakulima wa China, mume alipewa Paul Muni, Mzungu. Wong aliitaka nafasi ya mke, O-Lan. Ikaenda kwa Luise Rainer, Mzungu wa kutoka Ulaya, ambaye akapata Oscar kwa nafasi hiyo. Wong alipendekezewa nafasi ya Lotus, yule mwanamke wa kuvunja nyumba. Alikataa. Mwaka 1936 akapanda meli kwenda China kuiona nchi aliyokuwa akiiwakilisha maisha yake yote bila kuwahi kuikanyaga.

Nikitazama tena Shanghai Express ya 1932, huwa namwangalia yeye nyuma ya Marlene Dietrich. Dietrich anazungumza, Wong anacheza karata peke yake. Kwenye manukuu hana mistari mingi. Namshukuru Mungu, kwa sababu nikipunguza maneno chini macho ya mtazamaji yatapanda juu kwake.

Kuna mmoja aliyenigusa kwa namna nyingine. MGM ilimtuma W. S. Van Dyke Afrika Mashariki mwaka 1929 kupiga Trader Horn, iliyotoka 1931 na kushindania Oscar ya filamu bora. Mbeba bunduki wa Mzungu, Rencharo, anaigizwa na Mutia Omoolu, Mwafrika, na jina lake limetajwa. Rencharo ni mwaminifu na ndiye anayekufa, kama ilivyotarajiwa. Lakini uso wa Omoolu una heshima ambayo hakuna aliyemwandikia. Mwaka uliofuata studio ilichukua picha zilizobaki za safari ile na kuzibandika kwenye filamu ya Tarzan. Watu waliokuwa wakiishi maisha yao mbele ya kamera wakawa ukuta wa nyuma, mwituni, bila jina wala kadi. Natamani ningewapa hata mstari mmoja.

Na Hattie McDaniel, mwigizaji Mweusi. Miaka michache iliyopita nilijifanyia zoezi la kutafsiri sehemu zake katika Gone with the Wind. Mhusika wake hana jina. Anaitwa Mammy tu. Neno la kwanza lililonijia ni "yaya". Ni neno zuri, lenye joto la watoto. Nikaliandika, kisha nikalifuta, kwa sababu filamu inaanza Kusini mwa Marekani kabla ya vita iliyokomesha utumwa, na mwanamke huyu si mfanyakazi, ni mali ya watu. Kiswahili kina neno lake: mjakazi. Ni neno zito, linalotoka kwenye historia yetu wenyewe ya utumwa, na leo tunalitumia ovyo kwa msichana wa kazi tukisahau lilikotoka. "Yaya" ingefanya kazi ileile iliyofanywa na kadi ya Burma.

Jingine lililonishinda ni usemi wake. Waandishi walimpa Kiingereza kilichovunjwavunjwa. Wako wafasiri wanaovunja Kiswahili vilevile ili "kulinda ladha". Mimi sitafanya hivyo. McDaniel alikuwa mtoto wa watu waliozaliwa utumwani, mwimbaji na mtunzi wa nyimbo kabla hajafika Hollywood. Sarufi ile haikuwa yake. Inatosha kwamba magazeti ya Weusi na NAACP walibana hadi tusi moja baya likaondolewa kwenye mazungumzo ya filamu hiyo.

Tarehe 29 Februari 1940 alipokea Oscar kwa nafasi hiyo katika hoteli ya Ambassador, Los Angeles, mahali ambapo Weusi hawakuruhusiwa na ilibidi mtayarishaji amwombee ruhusa. Alikaa kwenye meza ndogo kando ya ukuta, mbali na wenzake wa filamu ileile. Hakuwa amekwenda Atlanta kwenye uzinduzi miezi miwili kabla, kwa sababu ya sheria za ubaguzi. Alipofariki mwaka 1952 makaburi ya Hollywood aliyoyataka yalimkataa. Tuzo yake aliiachia Chuo Kikuu cha Howard, ikapotea, na nyingine ikaletwa mahali pake tarehe 1 Oktoba 2023. Mwanamke Mweusi wa pili kupata Oscar ya uigizaji, Whoopi Goldberg, aliipokea mwaka 1991.

Basi nirudi kwenye jina langu. Arakau au Tori? Nikiandika Tori, nimebadilisha kadi kwa nia njema, na yule wa 1918 naye bila shaka aliona nia yake ni njema. Nikiandika Arakau bila neno, nimekuwa mkono wake wa pili, miaka zaidi ya mia baadaye, katika lugha ambayo uongo huo haukuwahi kuifikia.

Nimeandika Arakau kila kadi inaposema Arakau. Lakini kabla filamu haijaanza nimeweka kadi yangu mwenyewe, nyeupe juu ya nyeusi:

Nakala hii ni ya mwaka 1918.
Mwaka 1915 aliitwa Hishuru Tori, Mjapani.
Anayeigiza ni Sessue Hayakawa.

Jana usiku kijana anayeratibu maonyesho alinipigia simu.

"Dada, mistari mitatu? Si wewe uliyenifundisha ni miwili?"

"Mitatu," nikamwambia. "Na iache sekunde kumi."